Shajara ya mradi: sloti ndefu, njia nne

Jumatatu, 3 Machi 2025. Mwanga, Kigoma

Shaaban imetuacha hoi. Kila mwenye mchumba aliamua kuoa kabla mwezi haujaandama, na studio ninayoihudumia ilikuwa inarekodi Ujiji leo, Katonga kesho, Gungu keshokutwa. Sasa Ramadhani imeingia, ngoma zimenyamaza, na mwenye studio kanipa muda mpaka Idi. "Fundi, harusi zikirudi nisikute tena vijana wangu wamekaa wanatazama ule mstari wa kijani wa kunakili faili unavyotambaa."

Mstari wenyewe nimeupigia hesabu kabla ya kuahidi chochote. Kamera mbili za 4K, kila moja inaandika megabiti 100 kwa sekunde. Hiyo ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, gigabaiti 45 kwa saa. Harusi ya saa sita kwa kamera mbili ni gigabaiti 540. Mtandao wa ndani ni wa gigabiti 1, na kwa matumizi halisi unatoa megabaiti kama 112 kwa sekunde. Kuhamisha harusi moja tu ni dakika 80, na hapo mhariri wa pili awe hajafungua faili hata moja.

Mpango ni kwenda gigabiti 10 bila swichi, kile kisanduku cha kuunganisha mashine nyingi. Swichi ya kasi hiyo ni ghali na ina feni za kelele, na sisi tuna mashine tatu tu. Mashine ya kuhifadhia tutaipa kadi ya mtandao yenye milango miwili ya SFP+ (matundu ya kebo za gigabiti 10), kisha kebo moja ya shaba iende kwa kila mhariri. Mtandao wa zamani utabaki kwa ajili ya intaneti na printa.

Mashine zenyewe ni hizi. "Ghala" ni Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, kasha la mnara, prosesa i3-3220, haina kadi ya picha, inaendesha Debian. "Dirishani" ni 7010 nyingine kama hiyo, ila ina i5-3470 na kadi ya picha. "Mlangoni" ni ya kuunga, i7-4770 kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya kampuni nyingine, nayo ina kadi ya picha. Wahariri wote wawili wako Windows 10.

Jumanne, 4 Machi

Makasha yote matatu nimeyafungua sakafuni baada ya alasiri, tochi ya simu mkononi na rula ya shule pembeni.

Kadi ya mtandao ninayoitaka, moja kwa kila mashine, ni Intel X520-DA2. Ni ya zamani, imejaa kwenye masoko ya mitumba, na Linux inaifahamu bila kuhangaika kutafuta draiva. Meno yake ya dhahabu ni ya x8, yaani ya njia nane za data, na inazungumza PCI Express (mfumo wa sloti za kadi kwenye mazabodi) kizazi cha 2. Sasa, sloti ya x1 ina urefu wa milimita 25, x4 ni 39, x8 ni 56 na x16 ni 89. Meno ya x8 hayaingii kwenye sloti ya x4 iliyofungwa mwishoni. Yanahitaji mdomo wa milimita 56 au zaidi, basi katika mashine hizi ni sloti ndefu za x16 tu zinazofaa. Kila mazabodi kati ya hizi tatu ina sloti ndefu mbili. Kwa rula peke yake kazi ingekuwa imekwisha hapo, ningeagiza mzigo nikaenda kufuturu.

Tatizo ni kwamba rula inapima mdomo tu. Stesheni yetu pale chini ziwani ni jengo kubwa la enzi za Wajerumani, ina jukwaa refu la kuwatosha abiria wa treni nzima, lakini reli inayoingia Kigoma ni moja, ya upana wa mita moja. Ukihesabu reli kwa kutazama ukubwa wa jengo utakosea. Sloti ndefu nayo inaweza kuwa na njia 16 zilizounganishwa kweli, au nane, au nne, na wapo watengenezaji wanaoweka sloti ndefu yenye njia moja tu ndani.

Kwenye 7010 jibu linajulikana: sloti ndefu ya kwanza ina njia 16 kutoka kwenye prosesa, ya pili ina mdomo wa x16 lakini njia nne kutoka kwenye chipseti, ile chipu inayoisaidia prosesa kuunganisha vifaa. Mtengenezaji kaliandika waziwazi, na ukimulika tochi ndani unaiona tofauti: pini za ile ya pili zinaishia mapema, kisha plastiki tupu mpaka mwisho. Sloti fupi ya x1 na ile ya PCI ya zamani nimezipita. PCI ile ni megabaiti 133 kwa sekunde kwa vifaa vyote vinavyoigawana, haina la kutusaidia.

Mlangoni ndiko nilikokaa sana, kwa sababu kule pini zimejaa sloti nzima na macho hayasemi kitu. Ipo njia ya mafundi. Kila njia ya PCI Express ina jozi ya waya za kutuma, na kila waya unaotoka upande wa mazabodi unapita kwenye kapasita moja ndogo kama punje ya mchanga, mara nyingi iko karibu kabisa na sloti. Njia moja, kapasita mbili. Nimepiga picha kwa simu, nikaikuza, nikahesabu kwa ncha ya kalamu: nane. Yaani njia nne. Dogo wa studio alikuwa amekaa karibu, akaniuliza kama nasoma tasbihi.

Sasa hesabu ya kasi. Njia moja ya kizazi cha 1 hubeba megabaiti 250 kwa sekunde kila upande, kizazi cha 2 hubeba 500, kizazi cha 3 hubeba kama 985. Kadi na sloti vikikutana hukubaliana kwenye cha chini, kwa kizazi na kwa idadi ya njia, kila kimoja peke yake. X520 hata ukiiweka kwenye sloti ya kizazi cha 3 itabaki kizazi cha 2. Ndiyo maana i3-3220 ya Ghala hainipi wasiwasi. Prosesa ile inaishia kizazi cha 2 wakati i5-3470 ya Dirishani inafika cha 3, na kama kadi yetu ingekuwa ya kizazi cha 3 yenye njia chache, hapo ningelia.

Ghala haina kadi ya picha, kwa hiyo X520 itakaa sloti ya kwanza, njia nane za kizazi cha 2, megabaiti 4,000 kwa sekunde. Milango miwili ikijaa kabisa inahitaji 2,500, kwa hiyo inatosha na chenji inabaki. Dirishani na Mlangoni sloti ya kwanza imeshikwa na kadi ya picha, X520 itashuka kwenye ya pili: njia nne, megabaiti 2,000. Mlango mmoja unahitaji 1,250. Inatosha. Ila mtu asije siku moja akachomeka kebo ya pili kwenye mashine hizo akadhani atapata mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia muuzaji wa Kariakoo. Anazo X520-DA2 tatu zilizotolewa kwenye seva, na kebo za mita tatu.

"Mkuu, sloti zako si ndefu? Basi kadi itaingia."

"Kuingia itaingia, kaka. Nilikuwa nahesabu njia."

Kimya kidogo, kisha akaanza kuniuzia kadi nyingine ambayo hubeba SSD nne za NVMe (diski za chipu zinazopita kwenye PCI Express) kwenye sloti moja ndefu. Nimekataa. Kadi za namna ile za bei nafuu hazina akili yoyote ndani, zinategemea mazabodi iigawe sloti ya x16 mafungu manne ya x4, na BIOS (programu ya kuwashia mashine) za mashine zetu hazina kipengele hicho. Ungeweka SSD nne ukaiona moja. Nimemwambia nitahitaji adapta ya SSD moja baadaye, akasema sawa, mzigo unapanda basi kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Mzigo nimeuchukua stendi ya Masanga. Mvua imenyesha tangu asubuhi na kijana wa ofisi ya basi alikuwa amelitumia boksi langu kuzuia mlango. Ndani ni pakavu, alhamdulillah.

Kadi mbili zina bati la nyuma refu, sentimita 12. Moja ina bati fupi la sentimita 8, la makasha membamba. Kosa langu, sikuuliza. Kadi bila bati linaloshika kwenye kasha itachezacheza kila kebo ikivutwa, na kebo hizi za shaba ni nene na nzito, haziachi kitu kikae kwa amani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kwa fundi bati hapa Mwanga. Nilimpelekea bati moja refu kama mfano na kadi yenyewe ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli. Alikuwa anamalizia jiko la mkaa, akaniambia nisubiri. Halafu akachukua karatasi ya boksi la sigara, akailaza juu ya bati la mfano, akapitisha kidole chenye masizi pembeni mwa kila tundu mpaka umbo likajichora lenyewe. Akakata alumini kwa mkasi wake, akatoboa nafasi za milango miwili kwa patasi, akasugua kwa tupa. Pale panapokunjwa juu alikunja mara mbili kwa sababu mara ya kwanza lilizidi milimita moja hivi, na skrubu ya kasha ingekaa upande.

"Hiki kimfuniko ni cha nini, fundi?"

"Cha kompyuta ya harusi, mzee."

"Basi harusi ya mjukuu wangu mtanipunguzia."

Nimelisafisha kwa brashi kabla ya kulifunga. Chembe za alumini kwenye mazabodi sitaki hata kuziota.

Jumanne, 11 Machi

Ghala na Dirishani zimekaa. Nilihofia Ghala itazima picha yake ya ndani ikiona kuna kitu kwenye sloti ya kwanza, kwa kuwa nimewahi kukutana na mazabodi yenye tabia hiyo, lakini imewaka kawaida. Amri ya Linux ya lspci -vv, mstari wa LnkSta (hali ya kiungo): Speed 5GT/s, Width x8, yaani kizazi cha 2, njia nane. Ndivyo nilivyotaka. Kuna na dmidecode -t slot, ambayo huorodhesha sloti zote bila kufungua kasha, ila ile inasoma alichoandika mtengenezaji kwenye BIOS. Haipimi chochote. LnkSta ndiyo inayosema kadi na sloti wamekubaliana nini saa hii.

Upande wa Windows, PowerShell ina Get-NetAdapterHardwareInfo: Dirishani imejibu 5.0 GT/s, upana 4. Kama hesabu ya tarehe 4.

Kila kebo nimeipa mtandao wake wa anwani, 10.10.1 kwa Dirishani na 10.10.2 kwa Mlangoni, ili Ghala isichanganye wageni. iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kwa mikondo minne: gigabiti 9.4 kwa sekunde. Nimeirudia mara tatu, si kwa shaka, kwa raha tu.

Dogo kanishtua kidogo. Alifungua GPU-Z kuangalia kadi ya picha akakuta imeandikwa inakwenda kizazi cha 1.1, akaja mbio kwamba kadi yangu imeila kadi yake. Haijaila. Kadi za picha zikikaa bure hushusha mwendo wa kiungo kuokoa umeme. Ukiipa kazi inapanda yenyewe. Alama ya kuuliza iliyo pembeni kwenye programu ile iko pale kwa sababu hiyo, inaipa kadi kazi ya muda.

Alhamisi, 13 Machi

Mlangoni imenitia adabu.

Kadi imekaa vizuri, bati la fundi limeshika barabara, taa ya mlango imewaka. iperf3: gigabiti 3.2. Nikarudia: 3.2. Nikaongeza mikondo mpaka minane: 3.2, kama kitu kilichopimwa kwa kibaba.

Nikaanza na kebo, kwa sababu ndiyo rahisi. Nimezibadilisha, ya Dirishani nikaileta huku. 3.2. Nikabadilisha mlango upande wa Ghala. 3.2. Nikaondoa draiva nikaiweka upya, nikapoteza karibu saa nzima kwa sababu umeme ulikatika katikati na UPS ya Mlangoni betri yake imechoka. 3.2. Saa nne usiku nikafanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo: nikachomoa kadi yenyewe nikaipeleka Dirishani, kwenye sloti ninayoijua. 9.4.

Kwa hiyo kadi nzima, kebo nzima, Ghala nzima. Imebaki sloti. Nikairudisha kadi Mlangoni, nikaita ile amri ya PowerShell, ambayo kwa kiburi cha mafanikio ya Jumanne sikuiita leo mapema. Upana: 1.

Njia moja ya kizazi cha 2 ni megabaiti 500, gigabiti 4 kwenye karatasi. Ukitoa vichwa vya pakiti na mengineyo unabakiwa na kama 3.2. Namba ilikuwa inaniambia jibu tangu mara ya kwanza. Lakini kapasita nimezihesabu mwenyewe, ni nane. Njia nne zipo. Tatu zimekwenda wapi?

Nimekwenda kulala na hasira. Daku nimekula bila hamu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekipata kijitabu cha mazabodi kwenye tovuti ya mtengenezaji, faili la PDF la kurasa nyingi. Ukurasa wa sloti una jedwali zuri, na kwenye mstari wa sloti ndefu ya pili pana nyota. Nyota inakupeleka chini kwenye maandishi madogo: sloti hii inagawana njia na sloti za x1. Ukiweka kadi yoyote kwenye sloti ya x1, hii ndefu inashuka kuwa x1.

Nikageuka kutazama kasha. Kwenye sloti ya x1, antena mbili zimechungulia nje: kadi ya Wi-Fi. Mwaka jana nani aliiweka? Mimi.

Ukiifikiria haina ajabu. Chipseti za rika lile zina njia nane tu za kizazi cha 2, na mtengenezaji anataka kuuza bodi yenye sloti nyingi, kadi ya mtandao ya ndani na kila kitu. Njia zinagawiwa kama maji ya bomba la mtaa, ndoo ya jirani ikiwekwa yako inasubiri. Kapasita zangu zilikuwa kweli: njia nne zipo, tatu zimelala. Kwa hiyo ile mbinu ya tarehe 4 naiongezea sharti. Kuhesabu kapasita kunakuambia kikomo, yaani sloti haitazidi pale. Itakachopata siku hiyo kinategemea nani mwingine yuko mezani, na hilo liko kwenye kijitabu peke yake, tena kwenye maandishi madogo. Bodi nyingine zinagawana na milango ya SATA (ya diski) au na M.2 (sloti ndogo ya SSD), ukichomeka SSD hapa disko pale linapotea.

Wi-Fi nimeitoa. Kwenye BIOS pana kipengele cha sloti ile, kilikuwa kwenye kujiamulia chenyewe, nimekilazimisha x4. Upana: 4. iperf3: 9.4.

Nimeswali Ijumaa nikiwa mtu mwingine.

Jumatatu, 17 Machi

Mwenye studio kaja kuona. Nikamwekea faili la gigabaiti 60 litoke Ghala kwenda Dirishani mbele ya macho yake. Megabaiti 170 kwa sekunde.

"Fundi, hii ndiyo kumi?"

Barabara ni ya kumi, dada, lori ndilo bovu. Ghala inahifadhi kwenye diski za kuzunguka, na diski moja ya namna ile inasoma megabaiti 150 hadi 200 kwa sekunde ikiwa na bahati. Nilijua, na kwenye mpango wa awali kulikuwa na SSD ya awamu ya pili, ila sikumweleza kwa uwazi kwamba bila hiyo awamu ya kwanza haionekani kwa macho. Hapo nilistahili lile jicho alilonitazama nalo.

Ghala ina sloti ya pili tupu, ndefu yenye njia nne za kizazi cha 2. SSD ya NVMe hutumia njia nne. Ya kisasa ikiwekwa pale itashuka kasi mpaka chini ya megabaiti 2,000, na kwangu hilo si hasara kwa kuwa kebo yenyewe inabeba 1,250. Sitanunua SSD ghali ya kizazi cha 4 niifunge kamba. BIOS ya umri huu haiwezi kuwasha mashine kutoka kwenye NVMe, lakini Debian iko kwenye SSD ndogo ya SATA na inaiona NVMe kama diski nyingine yoyote. Nimeagiza ya terabaiti 2 pamoja na adapta ya bei ya chai. Nimesisitiza adapta iwe ya NVMe, yenye ufunguo wa M, kwa maana zipo zinazofanana nayo kama mapacha ambazo ni za M.2 ya SATA na kwenye PCI Express zinachukua umeme tu.

Utaratibu mpya: kazi za mwezi huu zinakaa kwenye NVMe, zikiisha zinahamia kwenye diski za kuzunguka usiku.

Jumamosi, 22 Machi

SSD imefika, imekaa. LnkSta: 5GT/s, x4, na neno la kwamba imeshushwa kasi. Tulilitarajia. Kuisoma hapohapo Ghala: megabaiti 1,600 kwa sekunde hivi. Kuhariri 4K moja kwa moja kutoka Ghala, Dirishani na Mlangoni kwa pamoja: hakuna anayekwama. Vijana wamenyamaza, na hapa studio kimya ni sifa.

Jumanne, 25 Machi

Joto. Kadi hizi zilizaliwa kwenye seva zenye feni zinazovuma kama ndege, na kipoozea chake hakina feni yake. Kwenye Ghala, saa tisa alasiri, nimekigusa nikashindwa kuweka kidole hadi nihesabu tatu, na kiungo cha Mlangoni kilianguka mara mbili. Nimefunga feni ndogo ya kasha la zamani mbele ya kadi kwa nyuzi za plastiki za kufungia nyaya. Kidole sasa kinakaa. Nyingine mbili nitazifungia feni kesho.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye gundi ya karatasi, nikabandika ndani ya kila kasha pembeni mwa kila sloti: mdomo, njia, kizazi, nani amekaa. Ya Mlangoni inasema: "Mdomo x16, njia 4, kizazi 2. USIWEKE KITU KWENYE x1." Chini yake dogo kaongeza kwa mwandiko wake: "hata fundi."

Jumapili, 6 Aprili

Harusi ya kwanza baada ya Idi ilikuwa jana, Ujiji. Gigabaiti 512. Kutoka SSD ya SATA ya Mlangoni kwenda Ghala ilianza kwa megabaiti 520 kwa sekunde, ikashuka kuelekea mwisho NVMe ilipojaa kashe yake (sehemu yake ya kuandikia haraka), ikamaliza dakika 21. Sasa anayebana ni ile SSD ya SATA ya Mlangoni, na sloti ya kuiwekea NVMe kule haipo, zote zimekaliwa. Mwenye studio anauliza kama tunaweza kuitoa kadi ya picha. Nimemwambia i7-4770 ina picha yake ya ndani, tutajaribu wiki moja na mhariri aseme mwenyewe.

Badala ya Wi-Fi ya Mlangoni niliyoitoa, dogo nimempa ya USB.